Kuandika Hadithi ya Shabiki Bila Kuwapoteza Wahusika

Msomaji wa hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo mashabiki huandika kwa kutumia wahusika wa kazi ya mtu mwingine, husamehe mengi. Husamehe sentensi ndefu, makosa ya tahajia, hata kisa kinachosuasua. Asichosamehe ni kukutana na mtu asiyemjua aliyevaa jina la mtu anayempenda. Koti ni lile, mtaa ni ule, lakini huyu anayezungumza ni nani? Msomaji anafunga hadithi kwenye ukurasa wa pili, na mara nyingi hata hawezi kueleza kilichomkera. Anajua tu kwamba "huyu siye."

Mwongozo huu ni wa kuzuia hilo. Sikuambii usibadilishe kitu, maana asiyebadilisha kitu atakuwa ananakili. Kwangu mimi, uaminifu kwa kazi asilia ni kujua unapoondokea. Mwandishi anayebadilisha huku akijua ana ruhusa ya kubadilisha hata kifo cha mhusika mkuu. Anayebadilisha bila kujua, kofia tu itamuumbua.

Nitatumia mfano mmoja karibu mwanzo hadi mwisho: Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni ambaye visa vyake vingi husimuliwa na rafiki yake, Daktari Watson. Arthur Conan Doyle alimwandikia Holmes hadithi 60, yaani riwaya 4 na hadithi fupi 56, zilizotoka kati ya 1887 na 1927. Hakimiliki ya zote imekwisha, hata Marekani ambako za mwisho ziliachiwa mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo ni uwanja mzuri wa mazoezi. Wewe huenda unaandikia anime, mfululizo wa runinga au mchezo wa kompyuta. Kazi ni ileile.

Hatua ya kwanza: amua chanzo chako ni kipi

Inaonekana kama swali la kitoto. Lakini mwambie mtu yeyote aeleze Holmes alivyo, atakutajia kofia yenye masikio mawili na ule msemo wa "Ni rahisi, mpenzi Watson." Msemo huo haumo katika hadithi hata moja kati ya zile 60. Kofia nayo tumeipata zaidi kwenye michoro ya Sidney Paget kuliko kwenye maneno ya Doyle, na baadaye jukwaa na sinema vikaigandisha kichwani mwa kila mtu. Ukiandika hadithi ya vitabu ukamvika kofia ile akiwa mjini kwenye karamu ya chakula cha usiku, msomaji wa vitabu ataona papo hapo kwamba umejifunzia kwenye mabango.

Kwa hiyo andika juu ya daftari lako: chanzo changu ni vitabu, au ni filamu ile, au ni mfululizo ule hadi msimu wa tatu. Kuchanganya kunaruhusiwa ikiwa umeamua kuchanganya.

Kisha tenga tabaka tatu. La kwanza ni kilichomo ndani ya kazi yenyewe. La pili ni kile mtunzi alichokisema nje ya kazi, kwenye mahojiano au barua. Hiki kina uzito, lakini si sheria. La tatu ni kile mashabiki wamekirudia hadi kimeonekana kama ukweli, na hapa ndipo wengi huanguka. Chukua Irene Adler. Ukisoma hadithi za mashabiki utadhani yeye na Holmes walikuwa wapenzi wa miaka mingi. Katika vitabu, mwanamke huyo anashiriki katika kisa kimoja tu, kile cha 1891 kuhusu mfalme wa Bohemia. Watson anatuambia mwanzoni kabisa kwamba lililokuwa moyoni mwa Holmes halikuwa mapenzi. Na ndani ya kisa hichohicho Adler anaolewa na mwanamume mwingine, huku Holmes, akiwa amejibadilisha sura, akiburutwa kanisani kuwa shahidi wa ndoa!

Je, huwezi kuwaandikia mapenzi? Waandikie. Ila jua kwamba msingi huo unauchimba wewe, kwa hiyo hadithi yako lazima ituonyeshe mapenzi hayo yalivyoanza. Huwezi kuyadai kana kwamba tayari yapo na kila mtu anayajua.

Hatua ya pili: soma tena, safari hii kama mpelelezi

Kumbukumbu yako ya kitabu unachokipenda si kitabu. Ni kitabu pamoja na ndoto zako kukihusu. Rudi ukasome angalau sehemu unazozigusa, ukiwa na daftari.

Waandishi wengi hunakili vitu visivyo na kazi: rangi ya macho, urefu, siku ya kuzaliwa. Andika pia, lakini hivyo ni vya kukuepusha na aibu tu, havitakupa hadithi. Vinavyokupa hadithi ni hivi: mhusika huyu hufanyaje akiogopa? Anapokosea, nani wa kwanza kuambiwa? Ni kitu gani hajawahi kukisema kwa sauti? Anamdharau nani, na anaificha vipi dharau hiyo? Akiombwa jambo asilolitaka, hukataa waziwazi, hucheka, au hukubali kisha asifanye?

Hata ukinakili kitu kidogo cha nje, andika kando yake kinafanya kazi gani. Mfano mzuri ni ile nyumba ya Baker Street, London, anakoishi Holmes pamoja na Watson. Katika kisa kimoja cha 1893 tunaambiwa Holmes huweka tumbaku kwenye ncha ya kiatu cha Kiajemi, sigara kwenye ndoo ya makaa, na barua asizozijibu huzichoma kisu akazigandamiza kwenye mbao juu ya meko. Mwandishi mgeni hupenda vitu hivi mno, akavimwaga vyote vitatu kwenye aya ya kwanza. Lakini angalia nani anavitaja: ni Watson, na anavitaja akilalamika. Yeye mwenyewe ametoka jeshini na anajijua si mpangilifu sana, ila kuna mpaka hata kwake. Kazi ya kiatu kile ni kutuonyesha watu wawili wanaoishi pamoja: mmoja mwenye fikra zilizonyooka kama rula na chumba kilichovurugika, mwingine anayevumilia huku akinung'unika. Ukiyaelewa hayo, unaweza kuacha kiatu kabisa, ukabuni uchafu wako mwenyewe, na kila shabiki atatambua yuko nyumba gani.

Na ukikuta mhusika amebadilika njiani, nakili pia. Mwaka 1887 Watson anaorodhesha ujuzi wa Holmes na kuandika kwamba fasihi haijui kabisa. Miaka michache baadaye Holmes huyo anamnukuu mwandishi Goethe na anasafiri na kitabu cha mshairi Petrarch mfukoni. Hadithi yako imekaa kwenye mwaka gani?

Hatua ya tatu: chora nani anajua nini, na lini

Ningelazimishwa kukuachia hatua moja tu, ningekuachia hii. Makosa ya tabia mengi, ukiyachimba, ni makosa ya maarifa: mhusika anatenda kwa kujua jambo ambalo mwandishi ndiye anayelijua.

Tuseme unataka kuandika kisa cha mwaka 1892. Mei 1891 Holmes na adui yake mkuu, Profesa Moriarty, wanapambana kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi, na Watson anaamini wote wawili wamekufa. Holmes anarudi London mwaka 1894. Mashabiki wanalipenda pengo hilo kwa sababu Doyle amelijaza kwa mistari michache tu. Sasa chukua karatasi, andika majina.

Watson anajua rafiki yake amekufa. Haoti, hashuku. Siku Holmes anapojitokeza mbele yake, Watson anazimia, na anasisitiza kwamba ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Kwa hiyo hawezi kuzimia kwenye hadithi yako ya 1892, hata akikuta maiti kabatini. Na hawezi kupata fununu nzito kwamba Holmes yu hai, maana utakuwa umemuibia mshtuko wa 1894.

Mycroft, kaka yake Holmes, anajua. Ndiye pekee aliyeambiwa, ndiye anayetuma pesa, na ndiye aliyehakikisha vyumba vya Baker Street vimebaki kama vilivyokuwa.

Bi Hudson, mwenye nyumba, hajui. Holmes alipotokea, Bi Hudson alipata kiwewe cha kupiga kelele. Maana yake kwa miaka mitatu mwanamke huyu alitunza vyumba vya mtu aliyeamini ni marehemu, kwa maagizo ya kaka wa marehemu. Alijiambia nini kila alipoingia kufuta vumbi? Chanzo hakisemi. Hapo pana hadithi nzima, na hujavunja hata kitasa.

Kanali Moran, mtu wa Moriarty, anajua. Alikuwa juu ya mwamba siku ile, akamporomoshea Holmes mawe.

Itazame orodha hiyo sasa: adui anajua, rafiki hajui. Hukulibuni wewe hilo, limo ndani ya kazi, limelala. Kuna na zawadi nyingine: Watson anakiri kwamba katika miaka hiyo aliendelea kufuatilia kesi magazetini na hata kujaribu kutumia mbinu za Holmes, bila mafanikio ya maana. Kwa hiyo kisa cha Watson akipeleleza peke yake kimeruhusiwa na chanzo chenyewe, mradi asing'ae. Nimeona watu wakimpa ushindi wa kishindo kwa sababu wanampenda. Anayempenda kweli angemwandikia kushindwa kwa heshima, na kuona nani anakaa naye baada ya hapo.

Kuna pia mke wa Watson. Tunaposhuka 1894 tunadokezwa kwamba amefiwa, na wasomaji wengi huelewa kuwa aliyekufa ni mkewe, ila mwezi wala mwaka hautajwi. Pengo la namna hii ni lako. Unaweza kumweka hai mwaka 1892 au kumzika, lakini amua kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu kila sentensi ya Watson itabadilika sauti.

Hatua ya nne: chanzo kikijipinga chenyewe

Kitajipinga. Watson alipigwa risasi begani katika riwaya ya 1887. Katika ile ya 1890 jeraha limehamia mguuni. Jina lake ni John, lakini kuna kisa cha 1891 ambamo mkewe anamwita James. Na Moriarty: katika kisa cha 1893 Watson anasema hajawahi kumsikia mtu huyo, ilhali riwaya iliyoandikwa karibu miaka ishirini baadaye, ikihusu matukio ya nyuma zaidi, inamwonyesha Watson akimfahamu vizuri.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuchagua upande mmoja na kukaa nao: kwako jeraha ni la bega, basi hadi mwisho anashika mlango kwa mkono ule mwingine. Ya pili ni kukwepa: "jeraha langu la zamani lilianza kunikumbusha hali ya hewa," bila kusema liko wapi. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu msomaji anayejua atatabasamu na asiyejua hatakwama. Ya tatu ni kueleza. Dorothy L. Sayers, mtunzi mwenyewe wa riwaya za upelelezi, alipendekeza kwamba ile H katika John H. Watson ni Hamish, ambalo kwa Waskoti ni umbo la James, hivyo mke alikuwa akimwita mumewe kwa jina lake la katikati. Maelezo matamu kabisa. Lakini yeye aliyaweka kwenye makala. Ukiyatia katikati ya kisa, wahusika huanza kuzungumza kama wahariri. Tumia njia ya tatu pale tu maelezo yenyewe yanapogeuka kuwa tukio.

Usijifariji kwamba mtunzi naye alikosea. Kipimo chako na chake si kimoja. Mwandishi wa Kihispania Cervantes alitoa riwaya ya Don Quixote mwaka 1605. Mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda akachapisha mwendelezo wake bila ruhusa. Mwaka uliofuata Cervantes akatoa sehemu yake ya pili, na ndani yake wahusika wenyewe wanakikuta kile kitabu cha bandia na kukisuta: eti mwandishi hajui hata mke wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, anaitwa nani, kamwita Mari Gutiérrez! Ukirudi kwenye kitabu cha 1605 utakuta Cervantes mwenyewe aliliandika jina hilohilo. Haikumsaidia Avellaneda hata kidogo. Don Quixote akabadilisha hadi safari yake, akaacha kwenda mji wa Zaragoza, ili tu yule wa bandia aonekane mwongo.

Hatua ya tano: badilisha kitu kimoja, kisha kilipie

Sasa tumefika kwenye kubadilisha. Kanuni ninayoitumia ni kali kidogo: badiliko moja, mahali pamoja, na mengine yote yafuate kutoka hapo. Msomaji atakubali jambo moja lisilowezekana. La pili ataliuliza. La tatu atajua kwamba unapindua meza kila unapokwama.

Rudi Reichenbach. Watson aliachana na Holmes siku ile kwa sababu kijana alileta barua: kuna Mwingereza mgonjwa mahututi hotelini, anaomba daktari wa nchi yake. Barua ilikuwa ya uongo. Badiliko letu: nusu njia Watson anaishuku barua, anageuka, anafika mapema, anamwona Holmes akiwa hai ukingoni.

Inaonekana ni furaha tu. Sasa anza kulipa. Holmes bado anahitaji dunia iamini amekufa, maana watu wa Moriarty wamebaki. Kwa hiyo Watson lazima arudi London aomboleze hadharani, na aandike kuhusu kifo anachojua hakikutokea. Katika kazi asilia, Holmes anaporudi anaeleza kwa nini alimficha: Watson asingeweza kuandika taarifa yenye kushawishi namna ile kama asingeiamini mwenyewe. Kumbe badiliko letu limegonga kauli iliyomo ndani ya chanzo. Holmes aliamini rafiki yake hawezi kuigiza. Hadithi yetu sasa inauliza kama aliamini sawa. Mtu mnyofu, mbele ya mke wake, mbele ya Bi Hudson anayelia, akishika kalamu kuandika uongo mrefu kuliko wote maishani mwake.

Badiliko zuri ndivyo linavyokuwa: linabonyeza mahali ambapo chanzo kina mfupa. Ukibadilisha jambo na hakuna kauli, kiapo wala udhaifu wowote wa kazi asilia unaotikisika, huenda umebadilisha pambo tu.

Na usitoze gharama kwa mhusika usiyempenda peke yake. Hiyo tunaiona sana.

Kwa wale wa ulimwengu mbadala, wanaomhamishia mhusika kwenye chombo cha angani au shule ya bweni, kanuni haibadiliki, ila sasa badiliko lenu moja ni kubwa mno, kwa hiyo mahusiano ndiyo yabaki wima. Nani anamtegemea nani, nani anamficha nani jambo, nani huomba radhi kwanza. Hayo yakibaki, hata Watson akiwa roboti tutamjua.

Hatua ya sita: sheria za dunia yao

Hii ni fupi. Kila dunia ina bei zake. Ikiwa katika kazi asilia uchawi humchosha mchawi hadi anatoka damu puani, kwako asiutumie kuchemshia maji. Ikiwa safari ya kati ya miji miwili ilichukua wiki, wahusika wako wasionane jioni ileile. Holmes wa miaka ya 1890 hutuma telegramu na hupanda gari la farasi. Simu huingia Baker Street katika visa vya baadaye. Ukikwama kwa sababu mhusika hawezi kumfikia mwenzake kwa haraka, usimpe simu. Ucheleweshaji huo ndio kisa chenyewe.

Hatua ya saba: sauti

Hapa tukae kidogo. Hii ni sampuli ya kitu kinachoandikwa kila siku; nimeitunga mwenyewe, nisimseme mtu:

"Watson aliingia na kumkuta Holmes ameketi gizani. 'Nilikuwa na hofu kubwa juu yako,' Holmes alisema huku machozi yakimlengalenga. 'Wewe ndiye rafiki wa pekee niliye naye duniani. Sijui ningeishi vipi bila wewe.'"

Kuna la uongo? Hapana. Holmes anampenda Watson, na chanzo kinathibitisha. Mwaka 1924, katika kisa cha akina Garrideb, Watson anapigwa risasi ya paja, na Holmes kwa mara moja anapasuka: anamsihi mwenzake aseme kwamba hajaumia, anachana suruali kwa kisu cha mfukoni atazame jeraha, kisha anamwambia aliyefyatua kwamba kama Watson angekufa, yeye asingetoka chumbani akiwa hai. Watson anaandika kwamba ilistahili kujeruhiwa ili kuliona hilo. Hesabu sasa: imechukua karibu miaka arobaini ya hadithi, na risasi, kutoa sentensi mbili tatu. Mwandishi wa ile sampuli ameyatoa yote bure kwa sababu mtu kachelewa kurudi nyumbani.

Hisia ileile, kwa sauti yao:

"Nilipofungua mlango, moto ulikuwa unakaribia kuzimika na Holmes alikuwa kwenye kiti chake, amenipa mgongo.

'Umechelewa saa moja na dakika ishirini,' alisema. 'Umepita njia ya mtoni, umeteleza mara moja, na mwavuli wako umempa mtu ambaye hatakurudishia.'

Nilikiri yote matatu.

'Basi sogea hapa,' alisema, akainuka, akaanza kuchochea moto mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida hunisubiri mimi."

Hofu imo kwenye zile dakika ishirini. Mtu asiyejali hahesabu dakika. Upendo umo kwenye moto. Na kinachomwezesha kuuficha ni kipaji chake kilekile cha kusoma dalili. Kila mhusika mwenye nguvu ana njia yake ya kukwepa kusema jambo, na ukiipata hiyo umeipata sauti yake. Pia nimerudisha usimulizi wa nafsi ya kwanza. Karibu visa vyote vya Holmes vinasimuliwa na Watson. Ukiingia kichwani mwa Holmes umebomoa chombo ambacho mtunzi alikitumia kumfanya awe fumbo. Unaweza, Doyle mwenyewe alijaribu mara mbili, lakini uwe na sababu.

Kwetu tunaoandika kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Tuna wapelelezi wetu: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, naye ana kiko na ana sahibu yake, Najum. Aliyelelewa na vitabu hivyo huanza kumwandika Holmes akajikuta anamwandika Bwana Msa, kwa utani wake na maskani yake, kwa kuwa ndiyo sauti ya upelelezi aliyoizoea katika lugha hii. Soma aya yako kwa sauti, uliza: nani huyu? Halafu amua nani anamwita nani vipi, na usiyumbe. Holmes na Watson huitana kwa jina la ukoo bila chochote mbele. Ukimtia Watson kinywani "Bwana Holmes" umewatenganisha kwa hatua kumi. "Bwana" waachie wateja, Bi Hudson na Inspekta Lestrade. Tena punguza methali. Mhusika ambaye katika kazi asilia huongea kwa ukavu hawezi ghafla kumaliza kila hoja kwa haraka haraka haina baraka.

Hatua ya nane: mgeni wako

Ukiingiza mhusika wako mwenyewe, mpe kazi, usimpe taji. Dalili za hatari zilishachekwa zamani: mwaka 1973 Paula Smith aliandika kijikisa cha dhihaka kwa mashabiki wa Star Trek, mfululizo wa runinga wa safari za angani, kuhusu Luteni Mary Sue, mwenye umri wa miaka 15 na nusu, mdogo kuliko maluteni wote, ambaye kila mtu anampenda na kila jambo analiweza. Jina lake likabaki kuwa jina la ugonjwa. Lakini tatizo la Mary Sue halikuwa uwezo wake. Tatizo ni kwamba mbele yake wengine wote walisahau kuwa wao ni nani. Pima hivyo: mgeni wako akiingia chumbani, Holmes bado ni mkorofi? Watson bado anaona aibu kwa niaba yake? Basi mgeni akae.

Hatua ya tisa: jaribu kabla ya kutoa

Futa majina kwenye ukurasa mmoja wa mazungumzo, mpe mtu anayeijua kazi asilia, aseme nani ni nani. Akishindwa kwenye mistari mingi, rudi hatua ya saba. Kisha mtafute msomaji wa pili asiyeijua kazi asilia kabisa. Huyu atakuonyesha pale ulipotegemea jina la mhusika likufanyie kazi ambayo sentensi zako zilipaswa kuifanya.

Ukishatoa, weka lebo kwa ukweli. Kwenye Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki, na kwingineko kuna lebo ya hadithi inayoachana na kazi asilia mahali fulani, na lebo ya ulimwengu mbadala. Taja na mahali penyewe: "inaachana na chanzo Watson anapopokea barua." Msomaji aliyeambiwa mapema hakasiriki. Kama mtunzi yu hai, angalia kwanza kama amewahi kueleza msimamo wake kuhusu hadithi za mashabiki, kwa sababu wapo waliokataa. Na usiuze kitu ambacho wahusika wake si wako.

Ikiwa kazi asilia bado inaendelea kutoka, andika juu ya hadithi yako umeifuata hadi sura au kipindi cha ngapi. Siku mtunzi atakapomfufua yule uliyemzika, usikimbilie kurekebisha. Ongeza mstari mmoja tu juu: "Iliandikwa kabla ya msimu wa nne."